UZI: Kwa nini tilapia wa bwawani huzaa akiwa mdogo kama kidole, na gorila wa Kahuzi hukaa miaka minne kati ya mtoto na mtoto?

Mwalimu_Bagira

Wana Bukavu, na wote mnaotusoma kutoka Goma, Uvira na ng'ambo, salamu.

Naleta jambo ninalowafundisha wanafunzi wa bio-kimia (mchepuo wa biolojia na kemia), kwa sababu naona linawagusa watu wengi hapa kwetu: mfugaji wa samaki Kabare, mama anayeuza sambaza (dagaa wa ziwa Kivu) Kadutu, mlinzi wa mbuga ya Kahuzi-Biega, muuguzi anayepima malaria. Kila mnyama ana ratiba ya maisha. Anakua kwa mwendo gani, anaanza kuzaa lini, anazaa wangapi kwa mpigo, anarudia mara ngapi, anaishi miaka mingapi. Ratiba hiyo haikuja hivihivi. Inabanwa na ukubwa wa mwili, joto, na hatari ya kufa kabla ya kuzaa. Ukishaielewa, utaacha kumlaumu samaki kwa kosa lisilo lake, na utaelewa pia kwa nini wanyama wengine wakishapungua hawarudi upesi.

Nianze na ukubwa. Mnyama akiongezeka mara mbili kwa urefu, upana na kimo, ngozi yake inaongezeka mara nne, lakini nyama ya ndani inaongezeka mara nane. Joto linatengenezwa na nyama, linatoka nje kupitia ngozi. Ndiyo maana panya anapoa haraka na lazima ale kila wakati, huku ng'ombe akilala anacheua na usiku wa baridi wa Kabare, huko milimani, haumtishi. Mjerumani Max Rubner alilipima hili kwa mbwa wa ukubwa mbalimbali mwaka 1883. Mwaka 1932 Max Kleiber, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi California, akaweka pamoja vipimo vya wanyama wadogo hadi ng'ombe, akakuta kwamba nguvu anayotumia mnyama inapanda kwa kipeo cha robo tatu ya uzito wake, yaani uzito ukiongezeka mara 16, nguvu huongezeka mara 8 tu. Wataalamu bado wanabishana kama ni robo tatu kamili na kwa sababu gani, ila mwelekeo wenyewe umesimama.

Tufanye hesabu ya hapa nyumbani. Ng'ombe wa kilo 300 ana uzito wa kobai (simbilisi) 400 wa gramu 750 kila mmoja. Ungedhani kobai hao 400 watakula sawa na ng'ombe mmoja. Hapana. Kwa kipeo cha Kleiber, ng'ombe huyo anahitaji nguvu ya kobai 90 hivi tu. Kobai 400 wanahitaji chakula cha karibu ng'ombe wanne na nusu. Kila gramu ya kobai inawaka kwa kasi zaidi, na kwa sababu inawaka kwa kasi, inakua upesi, inapevuka upesi, inazeeka upesi. Muda wa mimba, umri wa kuzaa mara ya kwanza na urefu wa maisha hufuata takribani kipeo cha robo: mnyama mzito mara 10,000 kuliko mwenzake huishi, kwa wastani, mara 10 zaidi.

Sasa, chakula kinachoingia mwilini ni kimoja na matumizi ni mengi. Ni kama mama mwenye pesa ya siku moja mkononi: akilipa minervali (karo ya shule), bukari (ugali) inapungua, akinunua unga wa kutosha, minervali inangoja. Mwili nao, kilichotumika kutengeneza mayai hakitajenga misuli, na kilichokwenda kwa watoto kumi hakiwezi kumpa kila mmoja kama angekuwa peke yake. Hakuna mnyama anayekua haraka sana, anayezaa wengi na wakubwa, mara nyingi, na bado akaishi miaka mingi. Lazima achague, na uchaguzi huo umefanywa na vizazi vilivyomtangulia: waliopanga vibaya hawakuacha watoto.

Gorila ndiye mfano unaoniuma. Gorila wa Grauer, huyu wa Kahuzi-Biega, dume lake linafika karibu kilo 200, jike ni nusu yake. Jike ni mwepesi kuliko ng'ombe, na ng'ombe anaweza kukupa ndama kila mwaka. Lakini gorila jike huzaa mara ya kwanza akiwa na miaka kama 10, anabeba mimba miezi 8 na nusu, anazaa mtoto mmoja wa kilo 2 hivi, anamnyonyesha na kumbeba miaka, na mwingine huja baada ya miaka kama 4. Jamii nzima ya nyani, sokwe na sisi binadamu tukiwemo, huenda polepole kuliko ukubwa wake unavyotaka. Mwaka 2014 timu ya Herman Pontzer ilionyesha kwamba jamii hii hutumia karibu nusu tu ya nguvu inayotumiwa na mamalia wengine wa uzito uleule. Moto mdogo, ukuaji wa polepole, mtoto mmojammoja, maisha marefu. Ratiba hiyo ni nzuri sana kwa msitu tulivu, na ni mbaya sana panapoingia bunduki. Katikati ya miaka ya 1990 gorila hawa walikadiriwa kuwa karibu 17,000. Mwaka 2016 makadirio yalishuka hadi 3,800, na hesabu mpya ya 2021 ikatoa 6,800. Hata mauaji yakikoma leo, mtoto wa kike atakayezaliwa leo ataanza kuzaa baada ya miaka 10. Hakuna fedha wala mradi unaoweza kumharakisha.

Joto nitalileta baada ya kusikia maswali yenu.

Kijana_Panzi

Mwalimu, naweka kambi hapa. Endelea na joto.

Mama_Kavumu

Aksanti mwalimu. Miye nafuga tilapia hapa Kavumu. Aliyeniuzia alevini (samaki wachanga wa kupanda bwawani) aliniapia kwamba ni mbegu ya samaki wakubwa. Mwaka umepita, nikivuta wavu napata samaki wa urefu wa kidole, na majike yao tayari wana mayai mdomoni! Mdogo wangu Kamanyola alichukua kwa mtu yuleyule, na wake wanajaza sahani. Juu ya nini? Ni mbegu mbaya, ama ni baridi ya huku?

Mwalimu_Bagira

Mama, heshima yako. Nisaidie na mambo matatu kabla sijajibu: maji yana joto gani asubuhi na mchana, bwawa lina ukubwa gani na ulimwaga alevini wangapi, na ukisimama ukingoni unaona vifaranga wengi?

Mama_Kavumu

Niliazima termometa. Asubuhi ni nyuzi 19, mchana juani inafika 24. Bwawa ni mita 10 kwa 8, nilimwaga 500. Na vifaranga ukingoni wamejaa, ukitupa pumba maji yote yanatikisika.

Mwalimu_Bagira

Basi mama, una mambo mawili bwawani, na dalili zake hazifanani. Tuyatenganishe.

Kwanza baridi. Samaki hana moto wake wa ndani kama kobai au ng'ombe. Joto la maji ndilo joto la mwili wake. Kwa wanyama wa namna hii, maji yakipanda nyuzi 10, kazi ya mwili huongezeka mara mbili hadi tatu. Kavumu iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Kamanyola iko chini ya mita 1,000. Kila ukishuka mita 100 hewa inaongezeka joto kwa zaidi kidogo ya nusu nyuzi, kwa hiyo ukishamaliza mteremko wa Ngomo, barabarani kwenda Kamanyola, umeongeza nyuzi 4 au 5. Kwa tilapia tofauti hiyo ni kubwa sana. Anakua vizuri zaidi kwenye nyuzi 27 hadi 30. Chini ya 20 anajivuta. Karibu na 16 anaacha kula, na karibu na 11 anakufa. Samaki wa mdogo wako wanaishi karibu na kiwango wanachokipenda usiku na mchana. Wako wanakipata kidogo mchana tu, na usiku wa kiangazi, Juni hadi Agosti, hawakipati kabisa.

Lakini angalia hapa. Baridi peke yake humchelewesha samaki *pia kuzaa*. Mwaka 1994 Mwingereza David Atkinson alikusanya majaribio mengi ya wanyama wasio na moto wa ndani, wadudu, samaki, vyura na wengine, akakuta kwamba katika zaidi ya asilimia 80 ya majaribio hayo, mnyama aliyelelewa kwenye baridi alikua polepole lakini alipevuka akiwa *mkubwa zaidi*. Wanaelezea kwamba baridi hupunguza kasi ya kukua, lakini hupunguza zaidi kasi ya kupevuka. Wengine wanataja oksijeni: maji ya nyuzi 20 hushika karibu miligramu 9 za oksijeni kwa lita katika usawa wa bahari, ya nyuzi 30 hushika 7.5 hivi, na mwili wenye joto ndio unaoihitaji zaidi, kwa hiyo mwili mkubwa unalemewa kwenye maji moto. Sababu zote mbili huenda zinafanya kazi pamoja.

Kwa hiyo mama, kama shida ingekuwa baridi tu, ungekuwa na samaki wanaokua taratibu, *bila mayai*, na ukingo usio na vifaranga. Wewe una mayai na vifaranga tele. Hiyo ni dalili ya msongamano. Ulimwaga samaki sita kwa kila mita ya mraba, tena wa kike na wa kiume pamoja. Tilapia huanza kuzaa maji yakipita nyuzi 22 hivi, na mchana wako unafika 24. Walipoanza kuzaana, watoto wakala chakula cha wazazi, wazazi wakabaki wadogo, nao wadogo hao wakazaa.

Mshike jike mmoja mwenye mayai umtazame kwa karibu. Shavu limevimba, kidevu kimeshuka, na tumbo limebonyea ndani. Mayai yake ya manjano ameyafungia mdomoni, anayageuzageuza ili maji yapite. Siku zote hizo, zaidi ya wiki moja hadi vifaranga waweze kujitegemea, hali chochote cha maana. Akiwaachia anakula majuma machache, kisha anaanza tena. Atakuaje? Nguvu yote inapita mdomoni mwake kwenda kwa watoto. Dume halibebi, ndiyo maana dume la tilapia huwa kubwa kuliko jike katika bwawa lilelile.

Kwa nini akubali kuzaa akiwa mdogo hivyo? Kwa sababu kwa vizazi vingi tilapia ameishi kwenye vidimbwi na kingo za maziwa ambako maji hukauka, chakula huisha, ndege humnyakua. Anapokutana na dalili za njaa na msongamano, mwili unahama kutoka kukua kwenda kuzaa. Aliyengoja awe mkubwa hakuacha ukoo. Mbegu yako si mbaya, mama. Inafanya kile ambacho mababu zake walifanya wakapona.

Mama_Kavumu

Nimeelewa. Sasa nifanye nini?

Mwalimu_Bagira

Toa maji, vua wote, wadogo uwauze au mle nyumbani. Ukirudisha, usizidi samaki wawili kwa mita ya mraba, na weka madume peke yao. Wakifika gramu 30 au 40 unaweza kuwatenganisha kwa mkono: mgeuze chali, safisha tumbo, tazama nyuma ya mapezi. Dume lina matundu mawili, jike lina matatu, na la katikati ni kijiufa kidogo cha kutagia mayai. Chukua kioo cha kukuza kama macho yanachoka. Utakosea wachache, kwa hiyo ongeza kambale wachache baada ya tilapia kuwa wakubwa kiasi. Watakula vifaranga watakaotokea. Na kina cha maji kisiwe kidogo, maana maji machache hupoa upesi usiku. Hata hivyo usitegemee mwendo wa Kamanyola. Baridi bado ipo.

Mwana_Uvira

Mwalimu, sisi wa huku uwandani basi tumebarikiwa. Joto likizidi, samaki anazidi?

Mwalimu_Bagira

Ndugu yangu, hadi mahali fulani tu. Joto linaongeza kasi ya kila kitu, na kasi ina malipo. Inzi wadogo wa matunda, wale wanaozunguka ndizi iliyoiva, hutoka yai hadi kuruka kwa siku kama 10 kwenye nyuzi 25, na karibu siku 20 kwenye nyuzi 18. Wale wa nyuzi 18 wanatoka wakubwa na wanaishi zaidi. Kwa tilapia, ukipita nyuzi 30 hamu ya kula inaanza kushuka wakati mwili unachoma zaidi, na oksijeni inapungua alfajiri. Vifaranga wakilelewa kwenye maji ya nyuzi 35 hivi, wengi zaidi huwa madume.

Na kwenu kwenye mto Ruzizi kuna mamba, hao jinsia yao yote inapangwa na joto la kiota. Mayai ya mamba wa Nile yakiatamiwa katika nyuzi 31 hadi 34 hivi hutoa madume wengi. Yakiwa chini ya hapo, majike. Yakizidi, majike tena. Mama mamba anapochagua mahali pa kuchimba, jua au kivuli, anachagua pia watoto wa kike au wa kiume.

Muuguzi_Kadutu

Niongeze la kwetu. Watu wa milimani huniuliza kwa nini zamani malaria ilikuwa ya watu wa bondeni. Mbu wa anofelesi akimuuma mgonjwa, vimelea vya malaria viitwavyo falciparum lazima vikomae ndani ya mbu kabla hajaweza kumwambukiza mwingine. Kwenye nyuzi 28 hiyo inachukua siku 9 au 10. Kwenye nyuzi 20 ni zaidi ya wiki tatu. Chini ya nyuzi 16 hivi vinasimama. Mbu wengi hawaishi wiki tatu. Kwa hiyo kwenye baridi mbu anakufa na vimelea vyake kabla havijawa tayari.

Na ndiyo maana nyuzi moja au mbili zikiongezeka milimani sisi tunaogopa. Zinafupisha muda wa vimelea, zinaharakisha viluwiluwi vya mbu kuwa mbu, zote kwa pamoja. Lala ndani ya chandarua hata kama uko Kabare.

Mwalimu_Bagira

Aksanti sana dada muuguzi. Umeeleza vizuri kuliko ambavyo ningeeleza mimi: ratiba mbili, ya mbu na ya kimelea, zinakimbizana, na joto ndilo linaloamua nani anafika kwanza.

Kijana_Panzi

Mwalimu nina mawili. Moja, nimesoma kwamba kila mnyama amepewa mapigo ya moyo bilioni moja, akiyamaliza anakufa. Kweli? La pili, umesema mdogo huenda haraka. Mbona nyumbani sungura wetu ni mkubwa kuliko kobai, lakini sungura anabeba mimba mwezi mmoja na kobai zaidi ya miezi miwili?

Mwalimu_Bagira

Maswali mazuri sana, hasa la pili.

La moyo: mamalia wadogo moyo unakwenda mbio na wanakufa mapema, wakubwa unakwenda pole na wanaishi zaidi, kwa hiyo ukizidisha unapata namba zinazokaribiana, kiasi cha bilioni moja. Wa kobai unapiga 250 au zaidi kwa dakika, wa ng'ombe 60 na kitu, wa tembo 30 hivi. Lakini si mgao aliopewa mtu. Chukua binadamu: mapigo 70 kwa dakika kwa miaka 70 ni zaidi ya bilioni mbili na nusu. Popo mmoja wa Siberia, wa gramu 7 tu, alikamatwa tena akiwa na umri wa angalau miaka 41. Na kasuku wetu wa Kongo, yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu, ana gramu 400 hivi, uzito wa panya mkubwa. Panya huyo haishi zaidi ya miaka mitatu. Kasuku anaweza kuishi miaka 40 na zaidi, tena mwili wake una joto kuliko wa panya. Mabawa ndiyo yaliyobadilisha hesabu. Anayeweza kuruka haliwi ovyo, na asiyeliwa ovyo ana faida ya kuutunza mwili wake kwa miaka mingi. Peter Medawar mwaka 1952 na George Williams mwaka 1957 walilieleza hili: pale ambapo kifo cha nje ni kikubwa, kuutunza mwili kwa ajili ya uzee ni kazi ya bure, kwa sababu wachache watafika huko. Ukubwa unaweka mipaka, lakini hatari ya kufa ndiyo inayochagua mnyama akae wapi ndani ya mipaka hiyo.

La kobai na sungura: fungua viota vyote viwili siku ya kuzaa. Sungura wa kilo 3 amezaa sita au wanane, gramu 50 au 60 kila mmoja, uchi, macho yamefumba, hawawezi hata kujipa joto. Mama amejinyofoa manyoya ya tumboni kuwafunika. Kobai, ambaye hafiki kilo moja, amezaa wawili hadi wanne, gramu 80 hadi 100 kila mmoja. Mama mdogo, mtoto mkubwa. Wana manyoya, macho yamefunguka, meno yapo, na kabla siku chache hazijapita wanatafuna majani. Sungura analelea watoto kiotani, ndani ya shimo. Kobai hana shimo, kwa hiyo analelea tumboni. Siku 65 au 70 za mimba ni gharama hiyohiyo imelipwa mahali pengine.

Kwa mfugaji wa milimani hili lina maana. Vifaranga vya sungura hufa kwa baridi kiota kikilowa usiku mmoja tu. Vya kobai vinastahimili zaidi. Lakini usitegemee kobai akupe watoto wanane kwa mpigo; tumbo halina nafasi.

Mvuvi_Nguba

Mwalimu, nimesoma yote. Mimi ni mtu wa sambaza. Kwa maneno yako, gorila apewe ulinzi kwa sababu anazaa polepole. Sambaza ni mdogo, anazaa haraka, hamalizi miaka mingi. Basi hawezi kuisha. Watu wa serikali wanatusumbua bure na wavu.

Mwalimu_Bagira

Kaka, nakuheshimu, na nusu ya maneno yako ni kweli kabisa. Sambaza anavumilia kuvuliwa kuliko samaki yeyote mkubwa. Aliletwa hapa kutoka ziwa Tanganyika kati ya 1958 na 1960, kwa sababu katikati ya ziwa Kivu hapakuwa na samaki wa kula planktoni (viumbe vidogo sana vinavyoelea) za maji ya wazi, na leo analisha miji miwili mikubwa na vijiji vyote vya ukingoni. Mnyama wa polepole asingeweza kujaza ziwa hivyo.

Nusu ya pili ndiyo sikubaliani nayo. Kuzaa haraka kunasaidia kama anafika kuzaa. Sambaza hutaga karibu na ukingo, na watoto wake hukulia hapohapo kwenye maji mafupi kabla ya kwenda katikati. Ninyi mnaovua usiku kwa taa huko nje mnachukua waliokomaa. Anayekokota chandarua ukingoni anachukua ambaye hajazaa hata mara moja. Hapo kasi ya kuzaa haina kazi tena.

Na kuna jambo la pili, la muda mrefu. Kisiwani Trinidad kuna samaki wadogo wa mitoni waitwao gupi. Panapokuwa na samaki mkubwa anayewala, gupi hupevuka mapema wakiwa wadogo, na huzaa watoto wengi wadogo. Juu ya maporomoko, ambako mlaji huyo hafiki, huchelewa, huwa wakubwa, huzaa watoto wachache na wakubwa. Mwaka 1976 John Endler alichukua gupi wa chini, penye hatari, akawahamishia juu pasipo na gupi wala mlaji huyo. David Reznick na wenzake walipowapima baada ya miaka 11, vizazi 30 hadi 60, gupi wale walikuwa wamebadilika: wanachelewa kupevuka, wakubwa zaidi, watoto wachache na wakubwa. Na watoto wao walipolelewa kwenye matangi ya maabara tofauti ilibaki, maana yake imeingia kwenye damu ya ukoo.

Wavu nao ni mlaji. Huko Newfoundland, Kanada, chewa wa bahari baridi (cod) walivuliwa miaka mingi kwa nyavu za kuchukua wakubwa. Kabla uvuvi haujafungwa mwaka 1992, chewa walikuwa tayari wanapevuka wakiwa wadogo na wachanga kuliko zamani. Jike dogo lina mayai machache. Zaidi ya miaka 30 imepita na chewa hao hawajarudi walivyokuwa. Hata ndugu wa sambaza wetu, waliopelekwa ziwa Kariba mwaka 1967 na 1968, wanazaa na kufa wakiwa wadogo kuliko wale wa Tanganyika. Samaki yuleyule, ziwa jingine, ratiba nyingine. Kwa hiyo usiamini kwamba sambaza wa watoto wako lazima atakuwa huyu unayemjua.

Mvuvi_Nguba

Nimekuelewa. Na ni kweli wanaokokota ukingoni wanatuharibia sisi wa taa. Lakini mwalimu, wanaokokota ni kina mama wasio na mtumbwi na vijana wasio na kazi. Nikipeleka maneno haya kwa wenzangu, wataniuliza: hao wale nini?

Mwalimu_Bagira

Ni swali la haki, na biolojia peke yake hailijibu. Anayekokota chandarua ana njaa leo. Mimi singekwenda kwake na polisi.

Ningekwenda na mizani. Nunua kilo moja ya vidogo vya ukingoni na kilo moja ya sambaza wa taa, mwagia zote mbili juu ya turubai mbele ya watu, na muwahesabu pamoja. Kisha uliza kila kilo inauzwa bei gani soko la Nyawera. Watajionea wenyewe ni vichwa vingapi vya ukingoni vinaunda kilo ile ya pesa kidogo, na vichwa hivyo vingekuwa kilo ngapi vikiachwa vikue. Baada ya hapo zungumzeni ghuba mbili au tatu za maji mafupi ambazo hakuna atakayekokota, na wenye mitumbwi wakubali kuwapa kina mama hao sambaza wa kukausha na kuuza kwa mkopo, mwanzoni, mpaka ghuba zianze kutoa. Bila sehemu hiyo ya mwisho hawatakubali, na watakuwa na haki.

Mama_Kavumu

Kaka mvuvi, mkianza mkutano huo mnijulishe. Tuko kina mama wa Kavumu na Katana tunaokausha. Tutakuja na mizani yetu.